Nimepewa kalamu niandike sharti la matusi, na wa kwanza kulivunja ni jirani aliyefiwa

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni katibu wa kamati ya wakazi, nyumba 64 ndani ya ukuta mmoja. Nina mume na binti wa miaka minane. Nimepewa kazi ya kuandika sharti jipya, mkutano mkuu umebaki wiki tatu, na kila nikikaa kuandika kalamu inagoma.

Jirani yetu wa nyumba ya tatu ana pikapu. Miezi mitano iliyopita alifiwa na mdogo wake, ambaye alikaa saa nyingi kwenye benchi la hospitali bila kuangaliwa na mtu. Wiki chache baada ya mazishi pikapu ikaonekana na stika nyuma, imeenea upana mzima wa mlango. Neno la kwanza ni tusi la nguoni, siwezi kulirudia hapa. Herufi zake zina urefu wa sentimita 15, nyeupe juu ya nyeusi. Najua kwa sababu kamati ilinituma na futikamba nikachukue vipimo. Gari huegeshwa mgongo ukiwa umeelekea njiani, na ng'ambo ya njia, mita 12, ndipo watoto wanapongojea basi la shule kila asubuhi.

Binti yangu alilisoma. Alilisoma kwa sauti, mezani, silabi kwa silabi kama wanavyofundishwa darasani, kisha akauliza maana yake. Baba yake akapiga meza. Mimi nikamwambia anyamaze ale. Kesho yake karatasi ya malalamiko ilipopita, nilikuwa wa kwanza kutia saini. Sasa zipo saini 41.

Siku ile ya vipimo ndipo nikaona mstari wa pili. Uko chini ya tusi, herufi za sentimita 3 tu, ukiwa mbali huuoni kabisa. Umeandikwa "kwenu mliomwacha afe mkimtazama". Halafu jina la marehemu na mwaka. Shangazi, nilisimama pale na futikamba mkononi nisijue niandike nini. Huyu ndiye aliyemkimbiza mama yangu hospitali saa nane usiku alipoanguka, kwa pikapu hiyohiyo, na akakataa hata hela ya mafuta. Naogopa nisiwe punda wa ile methali ya fadhila.

Mwenyekiti ameshaniletea maneno anayotaka: "Ni marufuku kuonyesha neno, picha au ishara yoyote inayoudhi mahali popote panapoonekana na watu. Atakayekiuka atalipa faini mara mbili ya mchango wa mwezi, na kamati inaweza kuondoa maandishi hayo." Anasema ufupi huo unatosha, mwenye akili ataelewa. Mume wangu anasema niandike tumalize, kwamba tusi ni tusi, na uchungu wa mtu hauwezi kuwa mzigo wa watoto wa wenzake. Nikimsikiliza naona naye ana haki.

Lipo na jingine. Kwenye ukuta wa nyuma, karibu na mapipa ya taka, mtu asiyejulikana ameandika kwa rangi ya kupuliza "RUDINI KWENU". Wote tunajua zinalengwa familia mbili zilizohamia mwaka jana, ambazo lugha yao si yetu. Huu ni mwezi wa pili maandishi yapo pale. Nilipoyataja kikaoni, mjumbe mmoja alisema hayo si matusi, hayana neno chafu. Hakuna aliyepitisha karatasi ya saini. Na ukuta wa mbele tuna maandishi yetu ya miaka mingi, "ANAYEKOJOA HAPA NI MBWA", ambayo hayajawahi kumkera mtu.

Nikiandika sharti, nimemgeuka aliyenisitiri. Nikikataa, nimewageuka wenzangu 40 waliotia saini, na jina langu ndilo la kwanza kwenye karatasi. Nimefikiria hata kujiuzulu ukatibu. Nishauri.

Katibu Asiyepata Usingizi

*

Marahaba, mwanangu.

Pole kwa usiku unaokesha. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili niliisoma nikiwa na rula mezani, kwa sababu umenipa vipimo ambavyo watu wengi wasingefikiria kuvitaja.

Unavyoliona wewe, jambo lenyewe ni mzani: upande huu deni la fadhila, upande ule wajibu wa katibu na macho ya watoto. Nakubali kuwa vyote viwili vipo. Ila ninahisi kuna jambo la tatu chini yake, nalo ndilo linalokukosesha usingizi. Umepewa uandike sharti litakalomkamata mtu mwenye msiba na kumwachia mtu mwenye chuki. Sharti la mwenyekiti, likisomwa kama wajumbe wenu wanavyolisoma, linaiona pikapu na haliuoni ukuta wa nyuma.

Tuanze na pikapu. Mafundi wa mabango wana kadirio lao la zamani: kila sentimita 2.5 za urefu wa herufi husomeka kwa raha kutoka kama mita 3. Kwa hesabu hiyo, herufi za sentimita 15 zinasomeka bila taabu kutoka mita 18. Za sentimita 3 zinaishia chini ya mita 4. Watoto wako mita 12. Maana yake ni kwamba kwenye kituo cha basi ile stika haina mstari wa pili. Ina tusi tu. Saini 41 zilitolewa na watu waliosoma nusu ya sentensi, na wewe ulikuwa mmoja wao mpaka ulipoifikia karibu. Sisemi hivyo ili kumtetea. Yeye ndiye aliyechagua lipi liwe kubwa na lipi liwe dogo, na mtoto wako alisoma alichowekewa kusoma. Nasema kwa sababu huenda wengi wa hao 41 hawajui kilichoandikwa pale, na huenda yeye mwenyewe hajui kwamba jina la mdogo wake halionekani.

Sasa ukuta wa nyuma. "Rudini kwenu" ni maneno mawili safi kabisa, unaweza kuyasoma mbele ya mkweo. Lakini jiulize nani analala vibaya kwa sababu ya maandishi yapi. Tusi la pikapu linamshtua kila mpitaji kidogo na halimtishi yeyote kati yenu. Yale ya ukutani yanaambia familia mbili, zenye watoto wanaopeleka taka jioni, kwamba kuna mtu humu ndani asiyewataka, na kwamba kwa muda wote huu hakuna jirani aliyeona haja ya kuyafuta. Huo ukimya nao unasomeka.

Walioandika sheria za dunia waliitambua tofauti hiyo. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966, katika kifungu cha 19, unakubali uhuru wa kujieleza uwekewe mipaka, kwa masharti: mpaka uwe umeandikwa katika sheria, uwe na lengo linalotambuliwa kama haki za wengine au maadili ya umma, na uwe wa lazima kweli. Kifungu cha 20 kinaenda mbali zaidi juu ya uchochezi wa chuki ya taifa, rangi au dini unaoleta ubaguzi, uhasama au vurugu: huo kinataka upigwe marufuku. Tusi tupu halikupewa kifungu chake.

Mahakama nazo zimehangaika na stika na majaketi. Mwaka 1968 kijana mmoja, Paul Cohen, alikamatwa katika ukumbi wa mahakama mjini Los Angeles akiwa na jaketi lililoandikwa tusi dhidi ya kulazimishwa jeshini. Alihukumiwa siku 30 jela. Mwaka 1971 Mahakama Kuu ya Marekani ikaifuta hukumu hiyo, majaji watano dhidi ya wanne, ikisema aliyekereka angeweza kugeuza macho. Mwaka 1991 mahakama ya juu ya jimbo la Georgia ikaifuta sheria iliyokataza stika za maneno machafu kwenye magari. Uingereza wameshika njia nyingine. Sheria yao ya utulivu wa umma ya 1986 inaweza kumfikisha mtu mahakamani kwa maandishi ya vitisho au ya matusi yanayoonekana na mtu anayeweza kusumbuka. Hata hivyo neno la tatu lililokuwemo, la kukashifu, liliondolewa mwaka 2014 kwa kuonekana ni pana mno. Kila nchi ina yake, kwa hiyo kabla ya mkutano mpelekee wakili rasimu yenu aisome. Na kamati yenu si serikali: nguvu zake zinatoka kwenye katiba ya chama mliyoisaini. Kama katiba hiyo haina kifungu cha faini, faini ya mwenyekiti haina miguu.

Ile hoja ya kugeuza macho haimalizi jambo lako, nami sitaki uione hivyo. Mtu mzima anayepita ukumbini anaweza kutazama pembeni. Mtoto aliyesimamishwa mahali pamoja kila asubuhi, uso ukielekea pikapu, akiwa katika umri ule ambao macho yanasoma kila herufi yanayoikuta, hana pa kugeuzia. Wasiwasi wa mumeo ni wa kweli.

Tuje kwenye maneno ya mwenyekiti. Ugonjwa wake uko kwenye neno moja, "inayoudhi". Inamwudhi nani? Msomaji mmoja akiudhika inatosha, au lazima waudhike wengi? Wengi wakihesabiwa, "rudini kwenu" yatashinda, maana familia ni mbili kati ya 64. Mmoja akitosha, basi ukuta wenu wa mbele uko hatarini, kwa sababu kumwita binadamu mbwa ni tusi katika kila nyumba ya Mswahili ninayoijua, na siku sharti likipita yeyote anaweza kuileta kamati yenyewe mbele ya kamati.

Huenda mjumbe atapendekeza orodha ya maneno yaliyokatazwa. Inaonekana safi, lakini huharibika upesi. Ukiweka "mbwa" ndani, kibao cha "Mbwa mkali" getini kimevunja sharti. Methali uliyoigusa ya fadhila za punda, ambayo wazee huisema bila kupepesa jicho, inaishia na neno ambalo orodha yoyote italikamata. Mwenye nia mbaya atatia nyota mahali pa irabu, au ataandika kwa lugha nyingine, au atatumia fumbo. Na orodha yenyewe lazima ibandikwe ili ijulikane, hivyo karatasi yenye matusi mengi kuliko yote itakuwa kwenye ubao wenu wa matangazo.

Wengine hukwepa maana ya maneno kabisa na kuweka sharti la mahali na ukubwa: hakuna maandishi ya aina yoyote kwenye kuta, nguzo na mageti ya pamoja, matangazo yakae kwenye ubao mmoja, karatasi isizidi A3, iondolewe baada ya siku 14, kinachoandikwa ukutani kifutwe ndani ya saa 48. Faida yake ni kwamba hakuna anayekaa kuamua lipi chafu. Linaufikia ukuta wa nyuma mara moja. Hasara yake ni kwamba linaondoa pia bango la rambirambi na la harusi, na maandishi yenu ya mbele yatafutika nayo. Na haliifikii pikapu, kwa sababu pikapu ni mali ya mtu. Wenzako 40 wataliona hilo kabla hujamaliza kulisoma.

Mkitaka sharti linalogusa maana, liwe jembamba. Litaje vitisho kwa mtu au familia, na maandishi yanayowadhalilisha watu kwa asili, dini, jinsia au ulemavu wao. Mlalamikaji aandike lini, wapi na maneno gani. Waamue watu watatu, si mwenyekiti peke yake, na sababu waziandike. Mlalamikiwa asikilizwe kabla, apewe siku 7, na aweze kukata rufaa kwenye mkutano mkuu. Lisirudi nyuma kuadhibu yaliyokuwepo kabla ya kupitishwa. Tusi tupu unaweza kuliweka humo au kuliacha nje. Hapo ndipo penye ubishi wa kweli, nami naona ni bora wakazi waupigie kura ubishi huo peke yake, wazi, kuliko kuufunika ndani ya "inayoudhi".

Kile kifungu cha "kamati inaweza kuondoa maandishi" kinanitia hofu zaidi ya vyote. Kugusa gari la mtu bila ruhusa yake ni kutafuta kesi. Tena stika ya vinili iliyopigwa jua miezi mitano haibanduki kwa kucha. Inapashwa joto taratibu kwa draya ya nywele, inavutwa ikiwa imelala karibu na bodi, na gundi inayobaki inapanguswa kwa spiriti. Ikivutwa baridi na mtu mwenye haraka huweza kung'oka na rangi, hasa gari likiwa limewahi kupigwa rangi upya. Na rangi iliyo chini ya stika haikufifia sawa na ya pembeni, kwa hiyo huenda tusi likabaki linasomeka kama kivuli, bila herufi.

Kabla ya hayo yote kuna mlango wa nyumba ya tatu. Sijui kama uko tayari kuubisha. Ukiamua kwenda, nenda peke yako, bila karatasi na bila futikamba, ukaanze na mstari wa pili. Mwambie uliusoma. Mwambie ni wachache waliousoma na kwa nini. Baada ya hapo, akiwa bado anasikiliza, yapo mambo madogo ambayo mtu anaweza kuyakubali bila kuvuliwa msiba wake. Kuegesha kinyumenyume, mgongo wa gari ukielekea ukutani, hakumgharimu kitu. Turubai dogo linaweza kushushwa juu ya mlango wa nyuma gari likiwa limesimama. Au fundi akate stika nyingine ambayo jina la mdogo wake na ule mstari ndivyo vyenye sentimita 15; sentensi yake ikisomeka nzima, huenda ataona kama bado analihitaji neno la kwanza, huenda ataona analihitaji vilevile.

Hatari zipo. Anaweza kukuona umetumwa. Anaweza kukasirika kwamba miezi mitano hukumfikia mpaka watoto waliposoma. Kamati inaweza kusema umetoa siri za kikao. Na kumfundisha mfiwa namna ya kulia ni jambo zito. Ukiona mlango unafungwa, usiusukume.

Kuhusu kujiuzulu, usikimbilie. Mwenye maslahi katika jambo anaweza kulitangaza: isomwe kwenye kumbukumbu za kikao kwamba ulitia saini ya kwanza, kwamba una deni la fadhila kwa mlalamikiwa, na kwamba unaomba kifungu kinachomgusa kiandikwe na mwingine. Sehemu iliyobaki ukaiandika wewe. Ukitoka kabisa utapumua, ni kweli, na hakuna atakayekulaumu. Nafikiria tu ni nani atakayebaki kuutaja ule ukuta wa nyuma.

Ukuta huo hauhitaji kungoja wiki tatu, maana ni wa pamoja. Upige picha yenye tarehe. Waendee zile familia mbili kwanza, uwaulize kama wanataka lipelekwe polisi kabla halijafutwa. Wakiridhia, msipake rangi ya maji moja kwa moja juu ya rangi ya kupuliza, hasa ikiwa nyekundu. Huchomoza tena na maandishi yakarudi hafifu. Piga msasa, weka praima ya mafuta ya kuzuia madoa, iache ikauke vizuri, kisha mikono miwili ya rangi kutoka kona hadi kona. Mkipaka kipande tu, mtakuwa mmeyawekea fremu maneno yaleyale.

Limebaki swali la binti yako, ambaye aliuliza maana akajibiwa kwa meza kupigwa. Miaka minane inatosha kuambiwa kwamba neno lile ni tusi, kwamba nyumbani kwenu halitumiki, na kwamba aliyeliandika amefiwa na mdogo wake na ana hasira na waliomwacha. Atauliza mengine, nawe utajibu unayoyaweza. Usimfiche mstari wa pili. Wa kwanza ameshausoma.

Shangazi